Umemcheka alivyoandika, sawa, hoja yake umeijibu?

Kuna kamchezo kamekolea kwenye mabishano ya siasa mitandaoni. Mtu kaandika posti ndefu analalamikia kodi, anauliza hizo pesa zinaenda wapi, sasa katikati kaandika "atuwezi" badala ya "hatuwezi", basi anatokea mmoja anajibu "rudi shule kwanza ukajifunze kuandika ndo uje uongelee uchumi", watu wanamwaga emoji za kucheka, na swali la kodi liko palepale, hakuna hata mmoja aliyeligusa.

Mi naona huko ni kukimbia hoja tu. Ila wanaosahihisha nao tusiwaonee, wana pointi yao, maana "atalipa" na "hatalipa" tofauti ni h moja lakini mwenye anadai ndo anajua uzito wake. Msemaji wa wizara akitoa tamko lenye kosa la hivyo asemwe tu, ana ofisi, ana wasaidizi, analipwa kwa kazi hiyo. Na yule anayewaita wenzake mbumbumbu alafu sentensi yake mwenyewe haijanyooka, huyo kajitakia.

Lakini hata kwa wakubwa kicheko chenyewe sijui kama huwa kinasaidia. Mwaka 1992 Dan Quayle, makamu wa rais wa Marekani, alimwambia mwanafunzi aongeze "e" mwishoni mwa "potato", na kadi aliyopewa pale shuleni ilikuwa na kosa hilohilo, ila nani leo anakumbuka sera yake hata moja? Trump naye 2017 akaandika "covfefe", neno lisilo na maana, wapinzani wakashinda wanatania, na yeye akaingia akatania nao, yakaisha. Na si mambo ya juzi haya. Andrew Jackson alisemwa sana kwa uandishi wake mbovu, na bado kwenye uchaguzi wa urais wa Marekani wa 1828 akamwangusha John Quincy Adams, rais aliyekuwepo na msomi wa chuo kikuu cha Harvard, alafu 1832 akachaguliwa tena. Mwaka 1833 Harvard ikampa Jackson shahada ya heshima, Adams akagoma kwenda, akaandika kwenye shajara yake kwamba huyo ni mshenzi asiyeweza kuandika sentensi iliyonyooka. Wapiga kura walishaamua mara mbili, yeye bado yuko kwenye sarufi!

Tena hao angalau walikuwa na vyeo. Huku mitandaoni anayechekwa mara nyingi ni mtu aliyeishia njiani kimasomo, au anaandika kama anavyoongea, l na r zinagongana kwa sababu lugha aliyokulia haizitenganishi, au simu tu imemgeuzia maneno yakawa ya Kiingereza. Na wanaomcheka (hii ndo inanichosha kabisa) wengine ni walewale wanaosema wanatetea mnyonge, alafu wanashangaa mbona mnyonge hawapigii kura.

Kingine, hao wakaguzi wa herufi wanakagua nusu nusu. Propaganda inayotengenezwa na watu wanaolipwa huwa imehaririwa vizuri, koma ziko mahali pake, inapita mbele yao bila kuulizwa takwimu zimetoka wapi, na wengine wanaisambaza kabisa maana imeandikwa kama ya watu wa maana.