Hellebuyck na ile hofu ya kila Aprili: mashabiki wa Jets walikuwa waoga au walikuwa wanaona mbali?

Wiki ile kabla Jets, timu yetu ya hoki ya barafu, hawajaanza mtoano na St. Louis Blues, Aprili 2025, hapa Winnipeg ulikuwa hununui hata kahawa bila kuulizwa, vipi, kipa unamwamini? Na kipa mwenyewe ni Connor Hellebuyck, mtu ambaye msimu huo kashinda mechi 47, mechi 8 kamaliza bila kufungwa hata bao moja, na timu imemaliza ya kwanza NHL nzima, ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini, kwa pointi 116, kitu ambacho Jets hawajawahi kukifanya tangu warudi mjini 2011. Ni kama mtu ana ng'ombe anayejaza ndoo kila asubuhi alafu usiku hapati usingizi anawaza maziwa.

Kwa ambao hamfuatilii hoki ya barafu, nieleze haraka. Msimu huo kila timu ilicheza mechi 82, alafu timu 16 zinaingia mtoano, mnacheza na timu moja hiyo hiyo mpaka mmoja ashinde mechi 4, kwahiyo mnaweza kukutana mpaka mara 7 ndani ya wiki mbili, mpaka mnajuana harufu. Blues waliingia kupitia nafasi ya mwisho kabisa upande wa magharibi, lakini waliingia wakiwa wa moto, walitoka kushinda mechi 12 mfululizo kati ya Machi na Aprili. Na kipa wao ni Jordan Binnington. Huyo tutamrudia, ana mambo yake.

Sasa mjini hapa kulikuwa na kambi mbili na nadhani zote mbili zilikuwa na hoja, shida ni kwamba kila mmoja alikuwa anajibu swali ambalo mwenzake hajauliza.

Kambi ya kwanza ni ya wenye kidonda. Hawa walikuwa wanakukumbusha 2024, Jets dhidi ya Colorado, tukatoka kwenye mechi 5, Hellebuyck kafungwa mabao 24. Ishirini na nne kwenye mechi tano! Na mwaka huo huo ndo alichukua tuzo ya Vezina, ya kipa bora wa msimu. Mwaka wa nyuma yake, 2023, Vegas walitutoa kwenye mechi 5 vilevile. Hoja yao ilikuwa rahisi tu: mara moja ni bahati mbaya, mara mbili anza kuangalia vizuri. Jamaa mmoja tunayefanya naye kazi ghala moja, mzaliwa wa hapahapa, ana tiketi za msimu tangu timu irudi, aliniambia wakati wa mapumziko huku anafungua mkate wake wa mayai kwamba yeye ushindi wa Januari haumsaidii kitu, "Januari hata mimi ningedaka." Nilicheka lakini nikaelewa.

Kambi ya pili ni watu wa hesabu, na hawa mimi huwa nawaheshimu zaidi ingawa wanachosha. Wao wanasema mechi 5 ni kitu kidogo sana kumhukumia mtu. Mechi 82 zinakwambia ukweli kuhusu kipa, mechi 5 zinakwambia tu nini kilitokea kwenye hizo mechi 5. Na wanaongeza kwamba ukirudia kuangalia ile ya Colorado utaona mabeki wetu walikuwa wanatoa mipira kama sadaka, watu wanaachwa peke yao mbele ya goli, sasa hapo kipa afanye nini, achanike katikati? Hiyo pia ni kweli. Niliyaangalia yale mabao.

Lakini kuna kitu kambi zote mbili hazikukigusa sana, nacho kwangu ndo kiini: Hellebuyck anafungwaje. Maana sio kila kipa anafungwa kwa namna moja.

Goli la hoki ni dogo, upana mita 1.83 na urefu mita 1.22, na Hellebuyck ni mtu mkubwa, futi sita na inchi nne, ukimvalisha yale magodoro ya miguuni anajaza karibu goli zima. Mtindo wake ni utulivu. Harukiruki, hahangaiki, anakaa mahali sahihi mapema na kuacha kile kisahani cha mpira, paki wanaiita, kimfuate kifuani. Ukiangalia usiku mzuri unaweza kudhani hafanyi kazi yoyote. Ila utulivu huo unategemea jambo moja tu, aone. Akiona paki inatoka kwenye gongo, umekwisha. Asipoona, ukubwa wake haumsaidii sana maana yeye sio kipa wa kuruka kwa bahati nasibu.

Na mtoano ndo wakati ambapo kipa haoni. Mtu wa kilo mia anasimama mbele yako amekupa mgongo, beki wako naye anakuja kumsukuma kwahiyo sasa wamekuwa wawili, mwingine yuko mbali kule kwenye mstari wa bluu anapiga shuti la chini, na katikati ya safari kuna mtu ananyoosha gongo na kuigusa paki kidogo tu, inabadili njia kwa upana wa kiganja. Basi. Marefa nao mwezi huo wanakuwa wapole, msukumano ambao Novemba ungeitiwa faulo, Aprili unaachwa uende. Kwahiyo ukiniuliza kama Hellebuyck wa Aprili ni mtu mwingine nitakwambia hapana, ni yuleyule, mchezo ndo unakuwa mwingine.

Sasa hapo ndo suala la kujiamini linapoingia, na hapa sikubaliani na watu wengi. Watu wakisema "timu haijiamini" wanafikiria uso, eti wachezaji wameinamisha vichwa. Mi naona kwenye miguu ya mabeki. Beki anayemwamini kipa wake anamwachia shuti, anachofanya ye ni kumwondoa mtu mbele ya macho ya kipa na kusubiri paki ikirudi. Beki asiyemwamini anataka kulizuia shuti mwenyewe, anajirusha, anapiga goti katikati ya njia, na matokeo yake anakuwa ukuta mwingine mbele ya kipa wake mwenyewe. Kipa haoni, anafungwa. Kesho yake imani ya beki kwake imepungua kuliko jana. Mnaelewa mzunguko unavyokwenda. Kwahiyo ule ugomvi wa "tatizo ni kipa" na "tatizo ni moyo wa timu" naona ni ugomvi wa kitu kimoja kwa majina mawili.

Basi mfululizo ukaanza. Nyumbani tukashinda 5-3, tukashinda 2-1, uwanja mzima umevaa nyeupe kama kawaida yao ya tangu 1987, watu wanapiga kelele mpaka bia inatikisika kwenye kikombe, na wale wa hesabu wakaanza kujivimbisha. Alafu timu ikapanda ndege kwenda St. Louis. Mechi ya tatu 7-2, Hellebuyck kafungwa 6. Mechi ya nne 5-1, kafungwa 5. Tukarudi nyumbani, tukashinda 5-3. Tukaenda tena kule kwa mechi ya sita, kipindi cha pili Blues wakatia mabao manne ndani ya dakika tano na ushee, mpaka namalizia kujibu ujumbe wa simu mechi ilishakufa. Mara zote tatu kule alitolewa kabla ya mechi kuisha, akaingia kipa wa akiba, Eric Comrie. Mechi tatu za ugenini, mabao 16.

Jamaa wangu wa ghalani hakuja hata kunikejeli, alinipita tu na kunionyesha vidole sita. Bora angetukana.

Na hapa lazima niwe mkweli, wale wenye kidonda walikuwa wameona kitu. Ilikuwa Aprili ya tatu mfululizo. Ukisema sampuli ndogo kila mwaka, ikifika mwaka wa tatu hizo sampuli ndogo zimeshakuwa rundo. Watu wa hesabu walitakiwa kukubali hapo na wengi waligoma, wakabaki wanapost jedwali zile zile.

Ila dawa waliyokuwa wanaitaka wenye kidonda, eti mwanzishe Comrie mechi ya saba, hiyo ndo siwezi kuikubali mpaka leo. Kwanza nyumbani Hellebuyck alikuwa hajapoteza hata mechi moja kwenye mfululizo ule. Pili, ukimweka benchi mtu ambaye kila mtu anajua ndo atabeba Vezina (alibeba kweli, na akabeba Hart ya mchezaji bora wa ligi nzima, kipa wa kwanza tangu Carey Price 2015) unakuwa umewaambia mabeki wako waziwazi kwamba hofu yenu ni ya kweli. Kocha Scott Arniel hakuyumba. Sijui kama ilikuwa busara au ukaidi, lakini hakuyumba.

Sasa turudi kwa Binnington, maana upande wa pili nao walikuwa na mjadala wao, ila ulikuwa umegeuzwa kichwa chini. Mashabiki wa Blues walikuwa hawana presha na kipa kabisa. Kwao Binnington ni mtu wa mechi kubwa, kwisha. Mwaka 2019 timu ilikuwa ya mwisho kwenye ligi mwanzoni mwa Januari, akaingia yeye kijana mgeni, wakaishia kubeba Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, mechi ya saba kule Boston Blues wakashinda 4-1. Na Februari 2025, fainali ya 4 Nations, mashindano ya timu za taifa, ni yeye aliyekuwa golini kwa Kanada na Hellebuyck golini kwa Marekani, Kanada wakashinda 3-2 ovataimu, Binnington kaokoa mipira ambayo nilikuwa nimeshasimama kulalamika kwamba imeingia.

Sawa, lakini mbona hamna anayetaja kwamba baada ya lile kombe la 2019 Binnington alipoteza mechi 9 mfululizo za mtoano, tano 2020 na nne 2021? Tisa! Angekuwa Hellebuyck tungeshamwandikia matanga. Mtu anakumbukwa kwa picha ile ya kwanza aliyokupa. Wa St. Louis picha yao ya kwanza ni kombe, sisi picha yetu ni watu wa Colorado wanashangilia mbele ya kipa aliyekaa chini.

Raundi iliyofuata, dhidi ya Dallas, mambo yalikuwa hivohivo tu: nyumbani kadaka mechi mbili bila kufungwa, 4-0 na 4-0, ugenini hatukushinda hata moja, tukatolewa mechi ya sita kwa bao la ovataimu, 2-1. Kwenye ile mechi ya mwisho huwezi kumlaumu kipa, kafungwa mawili. Timu ilifunga moja. Jumla mtoano mzima ugenini tulicheza mechi 6 tukapoteza 6, na mi naona hiyo namba ni ya timu nzima kuliko ya mtu mmoja aliyevaa magodoro.

Ila ile mechi ya saba na Blues, Mei 4, ndo nairudia kila mjadala huu unapoanza upya. Tumefungwa 3-1, dakika mbili zimebaki, Hellebuyck katolewa, safari hii sio kwa adhabu, katolewa ili aingie mshambuliaji wa ziada. Amekaa benchi amevua kofia. Vladislav Namestnikov anatia, 3-2. Zimebaki sekunde kama mbili hivi, Cole Perfetti anasawazisha. Timu imefufuka kipa akiwa amekaa anaangalia kama sisi! Alafu ndo akarudi golini, na tangu kipindi cha tatu kianze mpaka mwisho, ukijumlisha na ovataimu mbili, ni karibu saa nzima ya mchezo hakufungwa tena.

Bao la ushindi lilikuja kwa Neal Pionk kupiga kutoka mbali, watu wamejazana mbele ya goli, nahodha Adam Lowry kanyoosha gongo kaigusa kidogo, paki ikabadili njia, Binnington hakuiona. Bao lile lile ambalo St. Louis walikuwa wanatutia wiki nzima. Na sijasikia mtu hata mmoja akisema Binnington anaogopa mechi kubwa.