Mbio Moja Tu Nilikuwa Naitafuta

Msimu mzima wa mechi zetu za kirafiki za kriketi, Jumapili sita mfululizo, mimi nilikuwa na mbio sifuri, yaani pointi hata moja sina. Kuna siku nilitolewa kwa mpira wa kwanza, nikarudi pembeni nikakuta kiti changu bado kina joto.

Jumapili ya mwisho niliingia wa kumi na moja, yaani zamu ya watu wa kujazia. Tulibakiza wiketi moja, yaani akitolewa mtu mmoja tu tumemaliza, na mbio 60 za kutafuta, ushindi hakuna aliyekuwa akiuota. Wageni wenyewe walikuja pungufu, tukawaazima kijana wetu mmoja akawasaidie kudaka.

Bola, mrushaji wao, akarusha. Nikafumba macho, nikazungusha gongo. Paa! Nadhani nilishtuka kuliko yeye.

"Njoo! Njoo!" mwenzangu akapiga kelele, huyo anakuja mbio.

Mbio moja ni kukimbia kutoka wiketi, vile vijiti vitatu vilivyosimama, hadi wiketi ya upande wa pili, mita 20 tu, mtoto anazimaliza. Ila kwa haraka ya kuvaa nilikuwa nimebadilisha pedi za kukinga miguu, ya kulia nimeifunga mguu wa kushoto. Vifungo vya chuma, ambavyo hukaa upande wa nje, vikawa ndani vinatazamana. Hatua ya nne vikanasana. Nikaenda chini mzimamzima kama gunia, vumbi hadi kwenye meno.

Nikiwa hapo chini nikaona mpira unapita juu yangu na kuvunja wiketi niliyokuwa naiendea, mimi sijafika. Nimekwisha!

Kumbe bado. Mtu akishatolewa mara nyingi kama mimi huanza kusoma sheria akitafuta upenyo, na hii nilikuwa nimeisoma: mwamuzi haruhusiwi kuinua kidole kukutoa mpaka wapinzani wamuulize. Na nani angeuliza? Bola kapiga magoti, anacheka. Mdakaji wa nyuma ya wiketi kashika mbavu. Mwamuzi naye kajifunika uso kwa kofia.

Basi nikatambaa. Miguu imefungana, nakwenda kwa viwiko, gongo nalisukuma mbele kama mtu anayefagia uvunguni. Nikalivusha mstari. Mbio moja! Nikajiinua kwa magoti, nikawapungia watu gongo kama nimefikisha mia.

Hapo ndipo sauti ikatoka mbali kabisa, mpakani mwa uwanja:

"Mwamuzi, vipi hapo?"

Kijana wetu. Yule wa kuazima.

Mwamuzi akafuta machozi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia akainua kidole.