Vigae vya Bursa na chumba cha msafiri

Ikitajwa misikiti ya Waosmani, watawala wa zamani wa Uturuki, mazungumzo hukimbilia Istanbul: msikiti wa Süleymaniye, msanifu wake Mimar Sinan, kuba na minara. Moyo wangu uko Bursa, mji mwingine wa Uturuki, kwenye Yeşil Cami, Msikiti wa Kijani, uliotangulia Süleymaniye kwa zaidi ya miaka 100. Naupenda kuliko yote iliyoufuata.

Ulizaliwa baada ya msiba. Mwaka 1402 Timur, mtawala wa Asia ya Kati, aliwashinda Waosmani karibu na Ankara na kumteka Sultani Bayezid I. Wanawe wakapigania kiti hadi 1413, alipobaki Mehmed I, na ndiye aliyeujenga msikiti huu. Msimamizi wa mapambo, Ali bin Ilyas, mzaliwa wa Bursa, alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa na Timur hadi Samarkand, mji mkuu wake. Alirudi na ujuzi wa huko. Kwenye mihrabu, sehemu ya ukuta inayoonyesha kibla, inayopanda zaidi ya mita 10, kuna maandishi ya Kiajemi: kazi ya mafundi wa Tabriz, mji wa Uajemi. Kumbe fahari ya mshindwa ilijengwa na mikono iliyosoma kwa mshindi! Hilo hunigusa kila ninapolikumbuka.

Na kazi yenyewe ya vigae ni ya subira. Kwenye kigae fundi huchora mistari ya mafuta yaliyochanganywa na rangi nyeusi, kisha hujaza rangi katikati: buluu, kijani, njano, nyeupe. Tanurini mafuta huungua, lakini mstari umekwishazizuia rangi zisivujiane. Ndiyo maana maua ya Bursa yana wanja mweusi.

Mlangoni imeandikwa kwamba jengo lilikamilika 1419. Ali akamaliza mapambo 1424. Mehmed alikuwa amefariki 1421, na ukumbi wa mbele haukujengwa kamwe. Hadi leo uso wa marumaru umesimama bila baraza.

Lakini kinachonikera ni picha. Karibu kila picha ya Yeşil Cami huonyesha mihrabu peke yake. Msikiti huu haukuwa wa sala tu. Pembeni mwa ukumbi wa ndani kuna vyumba vyenye meko ya kuotea moto na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za jasi zilizonakshiwa kwa uangalifu, vya kuwapokea wasafiri na madaruweshi, yaani masufi. Jirani vilijengwa madrasa, hamamu ya kuogea, jiko la kulisha watu na kaburi la sultani. Ukiikata mihrabu ukaiweka kwenye fremu, umeondoa nusu ya maana yake, kwa sababu uzuri ule haukuishia kwa imamu na sultani. Mtu aliyeshuka kwenye ngamia, miguu imejaa vumbi, alipewa mahali pa kulala, na zidaka aliyoweka mzigo wake ilikuwa imechongwa na fundi.

Nipigieni picha za vyumba hivyo. Nionyesheni meko.