Kifuu hakiwi grafiti hata ukichome vipi

Chukua vifuu vya nazi, vichome bila hewa mpaka viwe mkaa, kisha vitie kwenye tanuri ya nyuzi 3000 za Selsiasi. Utatoa kaboni karibu tupu, nyeusi na ngumu. Grafiti, ile kaboni laini ya kwenye penseli ambayo molekuli zake zimelala tabaka juu ya tabaka, hutaipata. Sasa chukua lami ya makaa ya mawe, safi, uipitishe kwenye moto huohuo: inatoka grafiti. Elementi ni ileile, tanuri ni ileile.

Ndiyo maana sipendi vitabu vya kemia vinavyotaja almasi na grafiti, halafu vikatupa mkaa, masizi na koki (kaboni ngumu inayobaki makaa ya mawe au lami ikichomwa bila hewa) kwenye kapu moja la “kaboni isiyo na umbo”. Mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba kilichopungua ni moto tu.

Rosalind Franklin, ambaye wengi wanamjua kwa picha ya DNA na basi, alionyesha mwaka 1951 kwa eksirei kwamba zipo kaboni zinazokubali kuwa grafiti na zipo zinazokataa, hata joto lifike 3000. Sababu ilikuja kuonekana kwa macho huko Australia. Mtafiti aitwaye Taylor alikuwa akichunguza makaa ya mawe ya New South Wales, yaliyounguzwa na mwamba wa moto uliopenya kwenye tabaka lake, akaona vitufe vidogo kwenye hadubini. Mwaka 1965 yeye na mwenzake Brooks walieleza jinsi vitufe vya namna hiyo vinavyozaliwa ndani ya lami inayopashwa moto.

Hapo ndipo penye utamu. Kati ya nyuzi 400 na 500 hivi, molekuli za lami huungana na kuwa bapa, pana zaidi na zaidi. Zikishapanuka vya kutosha haziwezi tena kukaa ovyo: zinalala sambamba, huku bado zinatiririka. Hii ni fuwele kimiminika, ya ukoo mmoja na zile zilizomo kwenye skrini za televisheni, ingawa za skrini zina umbo la vijiti. Vitufe vinakua, vinagusana, vinamezana, mpaka lami yote inashika mpangilio. Kisha inazidi kuwa nzito na kuganda kuwa koki, na mpangilio umefungwa humo. Ni kama msikitini: safu hunyooshwa kabla ya takbira. Zile nyuzi 3000 zinakuja baadaye, kukamilisha kilichokwisha kupangwa.

Kifuu hakipitii hatua hiyo kwa sababu hakiyeyuki. Kinaungua kikiwa kigumu, molekuli zake zimefungana huku na huku, hazina pa kugeukia.

Viwandani jambo hili ni pesa. Chembe ngumu zikibaki kwenye lami hujibandika juu ya vitufe na kuvizuia kuungana, koki ikatoka na mpangilio uliokatikakatika. Lami ikiwa safi na ikatulia, hutoka koki ya sindano, inayotengenezewa elektrodi, yaani nguzo za kupitishia umeme, za tanuri za umeme za kuyeyushia vyuma chakavu. Leonard Singer wa kampuni ya Union Carbide, Marekani, alifika mbali zaidi: alivuta nyuzi kutoka kwenye lami ikiwa katika hali hiyohiyo, na mvuto wenyewe ukazilaza molekuli kufuata urefu wa uzi. Nyuzi bora za aina hiyo hupitisha joto kuliko shaba.

(Grafiti ya asili, kama ile ya Mahenge, Tanzania, ilipita njia nyingine, ya joto na mgandamizo wa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Sokoni, hata hivyo, inakutana na hii ya viwandani kwenye betri zilezile.)

Wala sisemi kifuu ni duni. Vurugu yake ya ndani inaacha vinyweleo visivyohesabika, na mkaa wake ukishapitishiwa mvuke mkali ndio kaboni inayopendwa na wachenjuaji wa dhahabu, wa Geita na kwingineko, kunasia dhahabu iliyoyeyuka kwenye maji ya sianidi. Grafiti iliyojipanga vizuri ingewapa nini pale? Karibu hakuna.