Wimbo Usio na Neno Uliofungiwa Redioni
Kila ninapowasikilizisha watu "Rumble" ya Link Wray, mpiga gita wa Marekani, swali huwa lilelile: mbona haimbi mtu? Nawaomba wasubiri kidogo. Gita linagonga kordi, linaiacha ining'inie, linagonga tena, kisha nota zinashuka moja moja kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Wimbo unakwisha bila kutamkwa neno.

Hata hivyo, mwaka 1958 vituo kadhaa vya redio Marekani vilikataa kuupiga, vya New York na Boston vikiwemo. Jina lake lilikuwa lugha ya mtaani ya magenge ya vijana kupigana, na wakubwa wakasema utawachochea. Mimi naamini jina lilikuwa kisingizio tu. Uite jina lolote, bado utakusimamisha nywele. Kilichowatisha ni mlio wenyewe.

Na mlio ule haukuja kwa urahisi. Wimbo ulizaliwa jukwaani Fredericksburg, Virginia, vijana walipoomba mtindo wa dansi uliokuwa ukivuma, Wray akawa hajui wimbo wa mtindo huo. Akabuni papo hapo. Ukumbi ukalipuka, wakadai urudiwe, ukarudiwa tena na tena. Lakini walipokwenda kuurekodi, gita likatoka safi mno. Ule ukali wa ukumbini haukuwepo. Wray akachukua penseli akazitoboa spika za amplifaya yake. Nikikumbuka kwamba spika ni mali ya mwanamuziki, tena ghali, namheshimu zaidi. Mkwaruzo ule, ambao leo wapiga gita la roki wanaupata kwa kukanyaga kijisanduku sakafuni, yeye aliutafuta kwa kuharibu chombo chake mwenyewe.

Tena alikuwa na pafu moja. Kifua kikuu alichougua baada ya kutumikia jeshi kilimnyang'anya la pili, na madaktari wakamwambia asahau kuimba. Basi akaliachia gita liseme.

Ndiyo maana nachoka na hukumu yetu kwamba wimbo bila maneno hauna ujumbe. Anayesema hivyo mtazame ukumbini sebene linapoanza: mwimbaji kanyamaza, solo linalia, na yeye ndiye wa kwanza kuacha kiti. Kwani ameambiwa nini pale? Mwili umeelewa. Pete Townshend, mpiga gita wa The Who, bendi ya roki ya Uingereza, naye alielewa. Alisema kama si Wray na "Rumble", asingeshika gita kamwe.

Sikiliza mwishoni, pale mtetemo wa amplifaya unapoongezwa hadi gita linatetemeka lote. Mwenye kulipiga alifariki Copenhagen mwaka 2005. Jumba la Heshima la Rock and Roll lilimwingiza rasmi mwaka 2023, akiwa kaburini miaka 18. Linaniuma hilo.