Kikuku mguuni badala ya gereza: kinamfaa nani?

Mtu akifungwa miezi mitatu kwa kughushi risiti, muda huo unatosha kumpotezea kazi na chumba alichopanga, lakini hautoshi kumfundisha ufundi wala kumbadilisha tabia. Hapo ndipo hoja ya kikuku cha kielektroniki inapopata nguvu. Kikuku hiki hufungwa kwenye kifundo cha mguu na kumtaarifu ofisa wa uangalizi kila mhusika anapovuka mipaka aliyowekewa. Jaji Jack Love wa Albuquerque, Marekani, alianza kukitumia mwaka 1983. Leo kipo katika nchi nyingi.

Ushahidi ninaouamini zaidi unatoka Argentina. Katika jimbo la Buenos Aires, kesi zilikuwa zikiwafikia majaji kwa zamu. Baadhi yao walikuwa wepesi kuruhusu kikuku, wengine hawakutaka kukisikia. Kwa hiyo zamu tu iliweza kuamua nani asubirie kesi gerezani na nani asubirie nyumbani. Wachumi Rafael Di Tella na Ernesto Schargrodsky waliwafuatilia watu hao na kuchapisha matokeo mwaka 2013: waliovaa kikuku walikamatwa tena kwa kiwango kilichokaribia nusu ya kile cha waliopitia gerezani. Kwangu hili ni jambo zito, kwa sababu haliwezi kuelezwa kirahisi kwamba waliochaguliwa kuvaa kikuku walikuwa watu wapole tangu mwanzo.

Lakini mpango huohuo uliingia doa mwaka 2008, pale mtu aliyekuwa chini ya uangalizi wa kikuku alipoua familia ya watu wanne. Wapinzani wana haki ya kulitaja tukio hilo. Kikuku hakimzuii mtu kufanya lolote. Kinatoa taarifa tu, tena wakati mwingine kwa kuchelewa. Ndiyo maana naona kikuku kiwe cha makosa yasiyo ya ukatili tu, na mpaka huo si wa kulegezwa hata magereza yanapofurika.

Hofu yangu kubwa, hata hivyo, iko kwingine. Kifaa kikishakuwepo, ni rahisi hakimu kumvalisha mtu ambaye zamani angemwachia kwa onyo au kwa dhamana ya kawaida. Hapo gereza halijapungua hata mtu mmoja, ila walio chini ya ulinzi wameongezeka. Uswidi ililiona hili mapema: ilipoanza majaribio mwaka 1994, mtu alihukumiwa kwanza kifungo kifupi, kisha ndipo akaomba akitumikie nyumbani kwa kikuku. Aliyekivaa alikuwa kweli ameponea gereza.

Kuna pia suala la fedha. Sehemu nyingi za Marekani, anayevaa kikuku hutozwa ada, na asiyeweza kulipa huweza kujikuta akirudishwa kule alikotolewa. Huko Uingereza, mwaka 2013 ilibainika kwamba serikali ilikuwa ikitozwa na kampuni zilizopewa kazi hiyo kwa kufuatilia watu waliokwisha rudi gerezani, waliohama nchi, hata waliokufa. Kazi ya dola ikigeuzwa biashara inayolipwa kwa idadi ya miguu, nani atakuwa na haraka ya kuvifungua vikuku hivyo?

Wanaosema mtu huyo anastarehe nyumbani wangemtazama jioni moja tu. Kikuku cha setilaiti lazima kichajiwe kila siku, nacho hakivuliwi. Basi anaketi kando ya soketi kwa saa moja au mbili, waya umetoka ukutani mpaka mguuni, watoto wakiruka juu yake. Basi la kumrudisha kutoka kazini likikwama njiani, anatazama saa huku jasho likimtoka. Na mkewe hakushtakiwa kwa lolote, jina lake halimo kwenye amri ya mahakama, lakini kifaa kikipiga kelele saa nane za usiku, ndiye anayekurupuka kwanza kwenda kutuliza watoto.