Mifupa ya Mbwa au ya Watu?

Hivi jamani, mifupa ya mbwa imeanza lini kuisha buchani saa moja asubuhi?

Nimefika pale nimechomekea shati la kazini, nimepanga foleni nyuma ya akina mama wawili, adabu zote. Zamu yangu ikafika. Muuza nyama kashika panga, hata hanitazami: "Mifupa ya mbwa au ya watu?" Nikajibu kwa sauti ya mtu asiye na madeni: "Ya mbwa." "Ya mbwa imeisha, bosi. Imebaki ya watu." Wale akina mama wakageuka waone nitafanyaje. Sasa mwanaume ningefanyaje? Nimenunua ya watu. Bei yake mnaijua, sina haja ya kuitaja hapa. Na nyumbani leo ni dagaa, tena siyo wa Kigoma, wale tulishaagana nao. Ni wa Mwanza, wenye mchanga. Kwa hiyo usiku wa leo ndani ya nyumba yangu mbwa atakula mifupa ya watu, na watu tutakula kitu ambacho paka wa jirani kwanza anakinusa ndipo aamue.

Ya mbwa imekwenda wapi? Mama ntilie wa stendi kaiwahi saa kumi na mbili. Supu ya stendi mimi siinywi tena, na sitaki kesi na mtu. Yaishie hapo.

Mbwa mwenyewe ni rotwaila, ana miezi mitano, na huku kuingia kwake kwetu lazima niwasimulie, maana nikikaa nalo peke yangu nitapata presha. Ilianza pale pampu ya kisima ilipotembea usiku. Mke wangu akasema tutafute mbwa. Fundi geti akasema kama ni mbwa basi iwe rotwaila, akanipa namba ya mama mmoja Madale. Nikapiga.

"Shikamoo mama. Nimesikia una watoto wa mbwa."

"Marahaba. Mbwa sina. Nina rotwaila."

"Ndiyo hao hao, mama."

"Siyo hao hao. Njoo Jumamosi saa nne. Uje na mkeo."

"Mke wangu wa nini tena, mama?"

"Unaishi naye?"

"Naishi naye."

"Basi na mbwa ataishi naye. Saa nne, siyo saa nne na nusu."

Tukaenda. Mama mstaafu, miwani ina mnyororo, kakaa barazani na daftari kubwa la kaunta. Hatukukaribishwa hata maji. Akafungua ukurasa mpya, akaandika jina langu juu, akalipigia mstari kwa rula. Kwa rula, ndugu zangu! Hapo ndipo nilipoanza kukaa sawa kwenye kiti.

"Kazi?"

"Nina steshenari, mama. Kuchapa, fotokopi, picha za pasipoti."

"Mchana nani anabaki nyumbani?"

Mke wangu akanyoosha kidole.

"Nyumba ni yenu?"

"Ni yetu."

"Imeisha?"

"Tumehamia."

Aliyejenga Dar anajua umbali uliopo kati ya maneno hayo mawili. Yule mama naye ni mkazi wa mji huu; akaandika mstari mzima.

"Uzio?"

"Michongoma, mama. Na upande mmoja mabati."

Akavua miwani. "Mwanangu, rotwaila dume anafika sentimita 68 begani na kilo hamsini. Wewe una kilo ngapi?"

Nikasema sijapima siku za karibuni. Mke wangu akasema, "Sitini na moja." Mpaka leo sijui hesabu ile aliitoa wapi.

"Umewahi kufuga nini?"

"Kuku."

"Wako wapi?"

"Tuliwala."

Kimya. Akaandika. Nikataka kufafanua kwamba kuku ndivyo wanavyofugwa, mke wangu akanikanyaga chini ya meza. Niseme ukweli, baba mkwe aliponipa huyu binti aliniuliza maswali mawili tu, dini na kazi, na la kazi hata jibu hakulisubiri, akaagiza soda. Hapa kwa mbwa nimefika swali la kumi na kitu na bado tuko kwangu, kwa mke wangu hatujafika.

Mama wa daftari akaamuru baba wa wale watoto wa mbwa aletwe. Kijana wake akaja na lile dubwana, limekaa mbele yangu, likanitazama usoni bila haraka. Lina vidoa viwili vya kahawia juu ya macho, na kila kidoa kinapanda na kushuka peke yake, hiki kikiuliza, kile kikikataa. Udenda ukashuka kwenye kiatu changu, uzi mrefu usiokatika. Sikusogeza mguu. Mama akaanza somo. Hawa, anasema, kwao ni Rottweil, mji wa kusini magharibi mwa Ujerumani, na kazi yao ilikuwa kwa wachinjaji: kuswaga ng'ombe kwenda mnadani na kuvuta mikokoteni ya nyama. Wajerumani wenyewe waliwaita mbwa wa mabucha wa Rottweil. Reli ilipoanza kubeba ng'ombe kazi ikaisha, nusura kizazi kipotee, mpaka mwaka 1910 polisi wa kule walipowakubali rasmi.

Sikieni hapo. Mbwa wa mabucha. Yaani aliumbiwa mtu ambaye mifupa kwake ni takataka ya jioni. Halafu kaletwa kwa mtu wa fotokopi.

Ukaja ukoo. Mama akatoa karatasi ngumu yenye mhuri, ina vizazi vinne vya mtoto wa mbwa: wazazi, mababu na mabibi, wazaa babu, wazaa wazaa babu, jumla majina thelathini, na mengi yana "von" katikati, kama mabwanyenye wa Kijerumani. Mimi babu yangu namjua kwa jina moja, na baba yake naambiwa alikuja kutoka ng'ambo ya mto, mto gani wazee wanabishana. Tena mtoto ana chipu shingoni, tarakimu kumi na tano, ukiisoma kwa kifaa unampata yeye na mwenye mali. Mimi nina namba ya taifa yenye tarakimu ishirini. Kadi yenyewe inachapwa.

Nikaomba nichague. Walikuwa sita bandani, wana wiki nane, wanakanyagana. Nikainama, nikabonyezabonyeza mmoja mnene. Mama akapiga kelele: "Wee! Huyo ni mbwa, siyo tikiti maji!" Akanichagulia mwenyewe. Anayekurukia wa kwanza, anasema, atakuendesha. Anayejificha nyuma atakung'ata kwa woga. Anayefaa ni yule anayekutazama, akanusa, akaendelea na shughuli zake. Akanipa mmoja aliyeendelea na shughuli zake mpaka nikamfuata mimi.

Nikauliza, kwa kujifanya najua mambo, mbona mkia haujakatwa. Aibu niliyoipata! "Wajerumani wenye mbwa wao wamepiga marufuku tangu 1998, wewe mwenye michongoma ndiyo unataka kukata?" Nikasema hapana mama, mkia ni mzuri, ubaki.

"Sasa huyu ataanza lini kulinda?"

"Mbwa huyu hakomai akili mpaka mwaka na nusu, miwili."

"Na wezi, mama?"

"Wezi wasubiri."

Bei ilikuwa laki nane. Nikafanya wajibu wangu wa Kitanzania: "Mama, mwisho kabisa?" Akafunga daftari. Sauti ya daftari lile kufungwa sitaisahau. Mke wangu ndiye aliyelifungua tena, kwa kumwita mama yetu mara tatu na kusifia maua yake. Tukalipa laki nane. Halafu tukasaini masharti, mimi na mke wangu, kwenye kurasa mbili: asifungwe mnyororo kutwa. Asilishwe ugali mtupu. Mifupa iwe mibichi, iliyopikwa inapasuka vipande vikali na kumtoboa utumbo. Asinenepeshwe, maana akikua kwa pupa nyonga zinaharibika. Chanjo zifuatane mpaka wiki ya kumi na sita, ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, na kabla hazijakamilika asikanyage barabarani, ugonjwa wa parvo hauna huruma. Kupe watafutwe kila siku, masikioni na katikati ya vidole. Tukishindwa, mbwa anarudi Madale, hela hairudi. Nikauliza hela hairudi kwa nini. Akasema, "Ili msishindwe."

Kurudi, dereva wa boda akakataa kupakia, kisha akakubali kwa nauli ya abiria watatu. Daktari wa mifugo naye alinipa bei kabla sijaketi. Shehe jirani yangu, mtu tuliyekuwa tunakaa wote kwenye bao, sasa ananisalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Mate ya mbwa kwake ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, na kwa bei ya dumu la maji mtaani kwetu mimi namwelewa kabisa, hata sinuni.

Ndani ya nyumba kuna chumba kimoja chenye vigae, tulianza na hicho tukitegemea kuendelea. Vigae ni baridi, na rotwaila joto la Dar linampelekesha. Nadhani mmeshajua analala wapi. Anabadilisha meno pia, kwa hiyo kandambili zangu zote za kushoto zimekwenda, za kulia hazigusi. Majuzi nimetoka kupokea mgeni getini nimevaa mbili za kulia. Usiku, kikisikika kitu nje, anayebweka ni koko wa dampo, hana mhuri, hana babu anayejulikana, halipwi na mtu. Wangu anainua kidoa kimoja, anakishusha, anageuka upande wenye ubaridi.

Jina lake la kwenye cheti halitamkiki. Mke wangu akaanza kumwita Mheshimiwa, kwa sababu anakula, analala, na ukimuuliza kazi anakutazama tu. Watoto wakashika hilo. Sasa juzi jioni kaponyoka getini na soksi yangu mdomoni, nami nyuma yake mbio, napiga kelele mtaa mzima: "Mheshimiwa! Rudisha! Rudisha hicho, siyo chako!" Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anapita. Akasimama, akageuka, kashika mkoba wake kwa mikono miwili. Tukatazamana. Ilibidi nimsalimie.

Na kwa kuwa tumeshasalimiana, akakumbuka kwamba sijalipa mchango wa ulinzi shirikishi. Nikamwambia mwenyekiti, mimi sasa nina mbwa. Akasema mbwa naye hajalipa. Eti walinzi wanapita hata kwangu, kwa hiyo wanatulinda mimi na mbwa wangu. Ulinzi wenyewe ni vijana wawili na filimbi moja! Wanaipiga saa tatu kutujulisha wamefika, wanaipiga tena saa tano, na ya saa tano nimeshaichunguza dirishani, ni ya kuagana. Kuanzia hapo mpaka asubuhi mtaa ni wa Mungu na koko wa dampo.

Nikasema haya, nalipa, nipe risiti. Akasema risiti zimeisha, vitabu vipya vinachapwa. Vinachapwa wapi? Vinachapwa kwangu! Ni yeye aliyekuja dukani kuagiza, vitabu vitano, nakala mbili mbili za kaboni, namba kuanzia 001, na mhuri juu, akasema andika nitapitia. Nimechapa kwa wino wangu, na umeme wangu wa elfu mbili mbili. Hajapitia. Anapita kwa shehe, anapita kwa mama ntilie kunywa ile supu, dukani kwangu anavuka upande wa pili. Vitabu viko kabatini, nimevifunga na kufuli. Akitaka risiti ya mchango wangu, aje kwanza achukue yake ya deni.